Kompyuta mpakato zinavyowaumiza wachapaji kimyakimya

Na Mwandishi Wetu, Singida

ENZI za taipureta, meza ya mhazili ilikuwa fupi kuliko meza nyingine za ofisini. Haikuwa kwa sababu ya kumdharau. Mashine ilikuwa na kimo chake, na viwiko vya mchapaji vilitakiwa vilingane na vitufe. Mashine ile ilipoondoka, meza ile nayo ikaondoka, na leo kompyuta mpakato huwekwa popote palipo na nafasi: juu ya meza ya kulia chakula, juu ya kaunta ya duka, au mapajani.

Mkoani Singida mabadiliko hayo yana uzito wa pekee, kwa kuwa mji huo ni miongoni mwa sehemu yanakotengenezwa makatibu mahsusi wa nchi. Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania kina kampasi yake hapo, na Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina yake pia. Kazi nayo imeongezeka. Tangu mwaka 2017 shule na zahanati za vijijini zilipoanza kuingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa hesabu, FFARS, taarifa za fedha zilizokuwa zikiandikwa kwa kalamu zikahamia kwenye kioo. Mwaka 2023 ununuzi wa umma ulihamia katika mfumo wa NeST. Walimu nao walikabidhiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022.

Vifaa vimefika, lakini viti havikubadilika.

Kasoro ya kompyuta mpakato imo katika umbile lake. Kioo na kibodi vimeunganishwa kwa bawaba. Mchapaji akiiweka chini ili mikono ipumzike, kioo kinakuwa chini mno na shingo inainama. Akiinua kioo kilingane na macho, mikono inaning'inia hewani na mabega yanapanda. Hakuna namna ya kukaa itakayoridhisha shingo na mikono kwa pamoja, hata kwa kompyuta ya bei kubwa.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi. Mwaka 2014, Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo jijini New York, alikokotoa kwamba kikiinama nyuzi 30 mzigo unaobebwa na shingo hufikia kilo 18 hivi, na kikiinama nyuzi 60 hufikia kilo 27. Hizo ni hesabu za kielelezo, si vipimo vilivyochukuliwa kwa wagonjwa, lakini zinaeleza kwa nini misuli ya mabega huwa migumu kama ubao ifikapo jioni.

Kuhusu ganzi ya vidole, tahadhari inahitajika. Wengi huamini kwamba kuchapa ndiko kunakosababisha kubanwa kwa neva ya kiganja, hali inayoleta ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati. Utafiti mkubwa uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2003 haukuona uhusiano wa wazi kati ya kibodi na ugonjwa huo. Ushahidi wa maumivu ya shingo na mabega ndio wenye nguvu zaidi. Mwenye ganzi isiyokwisha, hasa inayomwamsha usiku, anastahili kuonana na daktari badala ya kuilaumu kompyuta. Kisukari na ujauzito navyo huweza kuileta.

Macho nayo yana kesi yake. Mtu anapokazia kioo hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka. Katika kiangazi cha Singida, pamoja na vumbi na upepo ule ule ambao wawekezaji wa umeme wamekuwa wakiumezea mate, ukavu huo huongezeka. Kuangalia kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20, kila baada ya dakika 20, ni ushauri wa siku nyingi wa wataalamu wa macho.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya saa moja baada ya kufanya kazi saa tano mfululizo. Kwa mpakia mizigo saa hiyo ina maana kubwa. Kwa mchapaji, saa tano bila kunyanyuka ni nyingi mno; mwili wake unahitaji vipindi vifupi vya mara kwa mara. Taipureta ilimpa vipindi hivyo bila kuombwa, kwani ilimbidi abadili karatasi. Uingereza ilitunga kanuni mahususi za kazi za kwenye kioo mwaka 1992, zikimtaka mwajiri akague meza na kiti cha kila mtumiaji.

Hapa nchini kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kupokea michango Julai 2015. Ugumu uko kwenye ushahidi. Mkono uliokatwa na mashine ya kukamua alizeti unaonekana. Shingo iliyochakaa kwa miaka kumi inaweza kuelezwa kwa sababu nyingi.

Anayebaki nje kabisa ni mwenye steshenari. Hana mwajiri, hivyo Mfuko haumhusu, na hulipwa kwa ukurasa. Msimu wa wanafunzi kukabidhi ripoti unapofika, kila dakika ya kunyoosha mgongo ni fedha inayopotea. Ameketi kwenye kiti cha plastiki ambacho mikono yake hugonga ukingo wa meza na kumzuia kusogea karibu.

Dawa haina makuu: rimu mbili au tatu za karatasi chini ya kompyuta hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, kibodi ya pembeni na kipanya juu ya meza, viwiko pembe mraba, nyayo chini. Rimu zimo dukani mwake tayari. Kibodi ya pembeni, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta, ndiyo asiyoinunua, kwa kuwa anayo nyingine iliyokuja na mashine na inafanya kazi.

Kwa ofisi za halmashauri hoja hiyo haipo. Mwaka wa fedha huanza Julai, na fungu linalonunua kompyuta mpakato linaweza kubeba kibodi na kiti cha kurekebishika katika ombi lilelile.