Fundi wa Mawasiliano Asiachwe Akapotea

Mwezi Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilifikisha huduma ya intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ya Marangu ya kupandia Mlima Kilimanjaro. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuendelea hadi Kilele cha Uhuru, mita 5,895. Habari hiyo ilipokewa kwa furaha, nayo ilistahili furaha. Mpagazi akivunjika mguu, au mgeni akizidiwa na maradhi ya mwinuko, msaada huitwa mapema. Miezi miwili baadaye moto ulipowaka mlimani, na askari wa JWTZ wakawa miongoni mwa waliopelekwa kuuzima, kila mtu aliona thamani ya kikosi kimoja kusikilizana na kingine penye moshi na upepo.

Hata hivyo, katika shangwe ile wengi wetu tuliutazama mtambo tukasahau kumtazama mtu. Ni nani anayeutunza? Alijifunza wapi kazi hiyo? Na siku atakapostaafu, ujuzi wake utakwenda wapi? Hayo ndiyo maswali tunayotaka kuyaweka leo mbele ya viongozi, watendaji na wananchi wenzetu.

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akauliza mlima wa Moshi unatuhusu nini sisi watu wa bahari. Jawabu ni fupi. Katika orodha ya mambo ya Muungano iliyomo katika Katiba, ulinzi na usalama umo, polisi imo, na posta na simu zimo. Kijana wa Makunduchi au wa Wete anayeingia katika Jeshi la Polisi huenda akaanza kazi kwa mafunzo katika shule ya polisi iliyopo Moshi, chini ya mlima ule ule. Anayeingia JWTZ aweza kupangiwa kazi ya mawasiliano popote katika Jamhuri. Basi fundi akipotea Marangu, amepotea pia Mkoani.

Historia inatufundisha kwamba mawasiliano ni ulinzi. Zanzibar iliunganishwa na dunia kwa waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya bahari mwaka 1879. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza, Astraea, iliishambulia Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa kituo cha redio cha Wajerumani. Kabla ya ngome na kabla ya ghala, adui alitaka kwanza kuuziba mdomo wa mwenzake na kumtia pamba masikioni. Mwezi Machi 1916 Moshi ikaangukia mikononi mwa Waingereza, na pamoja nayo mwisho wa reli ile.

Wananchi wa Visiwani hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Siku ya tarehe 12 Januari 1964, aliyetaka kujua nchi imo mikononi mwa nani alisikiliza redio ya Raha Leo. Kabla ya hapo, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa ameipandisha bendera na mwenge juu ya Kibo. Huyo alikuwa mwanajeshi aliyebeba ujumbe, na ujumbe wenyewe ukaifikia dunia nzima.

Tuseme sasa juu ya kazi yenyewe, kwa maana vijana wengi huiona ni kazi ya kukaa kivulini na kugusa vitufe. Sivyo. Askari wa mawasiliano hufundishwa kwanza kukesha. Hufundishwa kuandika kila ujumbe unaoingia na unaotoka, saa yake na mpelekaji wake. Hufundishwa kutosema hewani jambo ambalo adui akilisikia litamfaa. Hufundishwa kuwa na njia ya pili ikiwa ya kwanza imekatika, na betri ya akiba ikiwa umeme umezimika. Juu ya yote hufundishwa kutunza siri, na siri ni amana. Mwenye amana haulizwi kama anaangaliwa au haangaliwi.

Zama za kompyuta zilipofika, misingi hiyo haikubadilika hata kidogo. Mahali pa redio pamekuja ruta na seva, mahali pa msimbo wa kuandikwa kwa kalamu pamekuja nywila, na mahali pa waya wa shaba pamekuja mkongo wa kioo. Lakini msimamizi wa mtandao wa kompyuta bado anakesha, bado anaandika daftari lake, bado anaweka nakala rudufu na njia ya akiba, bado anajua nani ana ruhusa ya kuingia na nani hana. Askari aliyeanza na redio ya mgongoni, akaja akamaliza utumishi wake akitunza kompyuta zilizounganishwa, hakubadili kazi. Alipanda ngazi ile ile.

Taifa letu limewahi kulipa ada kubwa kwa kusahau jambo hili. Mashine za kwanza za kompyuta zilizoletwa kufanya hesabu za Serikali katika miaka ya 1960 zilileta gharama nyingi na hesabu zisizoaminika, na wataalamu wazalendo wa kuziendesha walikuwa haba. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wapo wanaoicheka hatua hiyo hivi leo. Sisi hatuicheki. Twaona ndani yake onyo ambalo halijachakaa: anayenunua mashine kabla ya kumwandaa mtu, amenunua mzigo.

Onyo jingine tumelipata karibuni. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini mwetu na kwa jirani zetu. Mkaazi wa Unguja alikwisha kulijua somo hilo kwa njia ya kiza. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika kisiwani kwa takriban mwezi mzima, na Desemba 2009 ukakatika tena hadi Machi 2010, kwa kuwa kisiwa kizima kilitegemea njia moja ya waya kutoka Bara. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya njia ya akiba na juu ya mtu anayejua kuitumia, hatuzungumzi anasa.

Hapa ndipo inapotupasa kusimulia kisa tulichokiona kwa macho yetu. Katika matembezi yetu vijiji vya Marangu tulikutana na mstaafu mmoja wa jeshi, mtu mtaratibu, ambaye utumishi wake karibu wote ulikuwa katika mawasiliano, na miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kuangalia mtandao wa kompyuta. Hivi sasa analima migomba na kahawa. Si aibu kulima. Mlima ule umelelewa na jembe. Lakini si mbali na shamba lake ipo ofisi ya umma ambayo kompyuta zake zilikuwa zimekatika mawasiliano kwa wiki tatu, na wananchi wakirudishwa nyumbani kila siku kwa neno moja: mtandao hakuna, fundi atakuja kutoka mjini. Mzee huyo alikwenda akaomba aruhusiwe kuangalia. Akaulizwa cheti. Alikuwa na barua ya kustaafu kwa heshima, na hakuwa na kingine.

“Bwana,” alituambia, “mashine haijapata kuniuliza cheti. Wanaoniuliza ni watu.”

Hatumlaumu aliyemuuliza. Mtumishi yule alifanya linalompasa. Mtandao wa Serikali si shamba la kuingia kila apitaye. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ipo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ofisi inayomfungulia mlango mtu kwa maneno matupu imevunja amana ya wananchi. Wala hatusemi kwamba kila aliyevaa sare ni fundi. La. Tunachosema ni kwamba nchi ilitumia fedha na miaka mingi kumfundisha mtu yule, naye hana hata karatasi moja ambayo karani wa raia anaweza kuisoma akaielewa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali.

Dawa haiko mbali. VETA kwa upande wa Bara imekwisha kuwa na utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazi nje ya darasa na kumpa cheti anachostahili. Zanzibar tunayo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Twashauri kwanza, askari wa mawasiliano anapokaribia kustaafu aandikiwe kwa lugha ya kawaida ni kazi zipi anazimudu, bila kutoboa siri yoyote ya jeshi, kisha apimwe na vyombo hivyo kabla hajavua sare. Pili, halmashauri na wilaya, za Bara na za Visiwani, ziwe na orodha ya mafundi waliothibitishwa wanaoishi karibu, ili hospitali ya Chake Chake au ofisi ya kata ya mlimani isingoje fundi wa mjini. Tatu, kila fundi wa namna hiyo anapopewa kazi apewe na kijana wa kumfuata, ajifunze kwa kuona. Nne, kila bajeti ya kununua mitambo iwe na fungu la mtunzaji wake. Isiyo na fungu hilo irudishwe kwa aliyeileta.

Watakaosema kwamba jambo hili litahatarisha siri za jeshi tunawaomba wafikiri upya. Kiapo cha askari hakiishi kwa kuvua buti. Na kama tunatafuta mtu wa kuaminiwa na taarifa za wagonjwa na kumbukumbu za ardhi za wananchi, ni nani anayefaa zaidi ya yule aliyezoea kutunza siri kwa miaka ishirini?

Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro wanao mfano mzuri kuliko wote tunaoweza kuutoa sisi. Kwa karne nyingi wameyashusha maji kutoka misituni hadi migombani kwa mifereji yao ya asili, mifongo. Mfongo hauchimbwi ukaachwa. Una msimamizi wake, una zamu zake za maji, na una siku zake za watu wote kutoka na majembe kuuzibua. Mfongo usio na mtunzaji hukauka kabla ya masika mengine. Mkongo wa mawasiliano hauna tabia tofauti.

Kwa vijana wetu, wa kike na wa kiume, tunasema: kazi ya mawasiliano, jeshini au uraiani, ni kazi ya maisha. Inataka hisabati, inataka subira, inataka usingizi mwepesi. Haina makofi, kwa maana siku inapofanywa vyema hakuna anayejua kuwa imefanywa. Kwa watendaji tunasema: msihesabu minara peke yake katika ripoti zenu. Hesabuni na watu wanaoitunza, mjue wako wapi, na mjue watarithiwa na nani. Na yule mzee wa Marangu apimwe. Akishindwa, arudi migombani kwa amani. Akifaulu, ofisi ile ifungue mlango, na wananchi wapate huduma yao.