Likizo ya Dar: Familia za Shinyanga zinauliza kwa Kanumba ni wapi, jibu ni makaburini tu

Shule zikifungwa, mabasi ya Kahama, Shinyanga na Geita kwenda Dar hujaa familia. Wengine wanaenda kwa ndugu, wengine duara limetoa kidogo mwaka huu na watoto wameahidiwa bahari. Ratiba inajulikana: Coco Beach, Kariakoo, picha kwenye Daraja la Tanzanite, na ikiwezekana kupanda SGR kutoka Dodoma ili watoto wakasimulie.

Ila mzazi aliyekulia kwenye Bongo Movie ana swali lake: kwa Kanumba ni wapi?

Kwa watu wa Shinyanga hilo si swali la shabiki wa kawaida. Steven Kanumba alizaliwa huko mwaka 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, kisha Sekondari ya Mwadui kabla ya kuhamia Dar. Alipofariki Aprili 7, 2012 akiwa na miaka 28, umati uliofurika viwanja vya Leaders ulionyesha ukubwa wa jina lake. Alizikwa makaburi ya Kinondoni, na hapo ndipo wengi wanapoishia.

Kwa nini kaburi, na si sehemu alizoigizia? Jibu liko kwenye filamu zenyewe.

Bongo Movie za miaka ile zilipigwa zaidi kwenye nyumba za watu, za kuazima au kukodi kwa siku chache. Sebule yenye masofa makubwa, mlinzi anafungua geti, gari linaingia taratibu na kamera inalisubiri mpaka lipaki (nani hajawahi kusogeza mbele kipande hicho?). Bajeti ilikuwa ndogo na DVD ilitakiwa Kariakoo haraka. Mara nyingi mtaa haukutajwa, na jengo la kukumbukwa halikuonekana. Mtazamaji wa Geita aliijua Dar kwa masofa yake.

Sasa huwezi kwenda kugonga geti la mtu Sinza au Mbezi ukisema hapa Kanumba alilia kwenye ngazi.

Wenzetu walifanyaje? Nairobi, nyumba ya Karen Blixen ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya Out of Africa kutoka. Cha kuchekesha, filamu haikupigwa ndani ya nyumba hiyo. Watu wanalipa kiingilio vilevile. Hapa nyumbani, Momella karibu na Arusha kuna lodge inayoitwa Hatari, jina la filamu ya John Wayne ya mwaka 1962 iliyopigwa maeneo hayo.

Yaani filamu peke yake haileti mgeni. Lazima awepo mtu wa kusema "ni hapa", na mlango wa kuingilia.

Serikali inajua nguvu hiyo. The Royal Tour, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alimtembeza mwandishi Peter Greenberg, ilizinduliwa New York Aprili 2022. Mwaka 2024 ikafuata Amazing Tanzania, iliyozinduliwa Beijing kwa soko la China. Watalii wa nje walivuka milioni 1.8 mwaka 2023 na milioni 2 mwaka 2024. Si haki kuipa filamu sifa yote, kwa sababu dunia nzima ilikuwa inatoka kwenye Uviko. Ila hizo ni filamu za kumwita mgeni. Za kumwita mtu wa Kahama bado hazijaonekana.

Na mtu wa Kahama yuko karibu kuliko anavyodhani. Bariadi na Meatu, zinazopakana na eneo la Serengeti, zilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoundwa mwaka 2012. Lango la Ndabaka liko kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Kwa wa Geita, foleni ya kivuko Busisi imekwisha tangu Daraja la JP Magufuli, lenye kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025. Kinachoumiza ni gari la kuingia hifadhini. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo.

Mwanza nayo ina filamu yake maarufu duniani, Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, kuhusu sangara na umaskini wa pembeni mwa viwanda. Rais Kikwete aliishambulia hadharani mwaka 2006. Hakuna atakayetembeza wageni kwa hiyo, na inaeleweka.

Mwadui je? Mgodi ulioanza mwaka 1940, almasi ya waridi iliyopatikana 1947 na kupewa Elizabeth kabla hajawa malkia, na shule aliyosoma nyota mkubwa wa Bongo Movie, vyote sehemu moja, wilaya ya Kishapu. Lakini ule ni mji wa mgodi wenye uzio na geti, hauingii tu na watoto. Manispaa, mgodi na Bodi ya Filamu wangekaa meza moja, hata siku moja ya wazi kwa mwezi ingetosha kuanzia.

Kwa sasa safari inabaki Kinondoni. Anayekwenda aende asubuhi, avae kwa heshima, na kabla ya kutoa simu atazame kama hakuna msiba unaozikwa jirani.