Wazazi Wapya wa Skauti Wasiachwe Langoni

Muhula huu nimesikia mara nyingi, hapa shuleni na huko mitaani, ya kwamba wazazi wa Msamvu hawaipendi skauti. Husemwa kuwa mtoto huletwa Jumamosi moja au mbili, kisha haonekani tena, na ati sababu yake ni uvivu wa wazazi. Mimi ni mmoja wa skauti wakubwa wa shule hii ambao hupewa ruhusa kila Jumamosi asubuhi kwenda kumsaidia mwalimu anayewalea skauti wadogo, waitwao kabu, katika shule ya msingi ya jirani. Mambo hayo nimeyaona kwa macho yangu, nami nasema maneno hayo si kweli. Wazazi huwaleta watoto wao vizuri. Kosa ni letu tunaowapokea.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, asije mtu akadhani nawasengenya wengine. Mwanzoni mwa mwaka mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka minane. Mama huyo huuza maandazi karibu na stendi ya mabasi, na siku ile alikuwa ameiacha biashara yake kwa muda wa saa moja, jambo ambalo kwa muuza maandazi wa asubuhi si dogo. Nilimwamkia, kisha bila kumpa hata kiti nikamwonyesha ubaoni orodha niliyokuwa nimeiandika kwa mwandiko mzuri sana: shati la kaki, kaptura, skafu, soksi ndefu, mkanda, kofia, kamba, filimbi. Akaisoma yote polepole. Akasema, "Haya mwanangu, nikipata nitamleta." Nikajibu, "Sawa mama."

Jumamosi iliyofuata mtoto alikuja peke yake, akasimama nje ya dirisha akitutazama tunavyocheza, wala hakuingia. Nilimwona. Nikajisemea kwamba ataingia atakapopata sare. Muhula ulipokwisha, kundi lililoanza likijaza darasa zima lilikuwa latosha katika madawati manne.

Siku ya kwenda likizo nilipita stendi nikamkuta mama yule. Alinipa maandazi mawili bila kutaka fedha, ndipo nikaona aibu kweli kweli. Nikamwuliza habari za mtoto. Akaniambia, "Siku ile mwanangu mlinisomesha vitu vya kununua tu. Hata kukaa sikukaribishwa. Nami sikujua skauti ni kitu gani. Nilidhani labda ni jeshi la watoto, au ni dini fulani." Tangu hapo neno hilo halijanitoka kichwani, kwa kuwa sisi tuliokua katika skauti twasahau kwamba mtu asiyeijua huona vijana waliovaa namna moja, wanaopiga saluti kwa vidole vitatu na kupeana mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto! Kwetu huo ni mkono wa kunyimwa heshima, na ni haki ya mzazi kushangaa mpaka aelezwe.

Iko na habari ya duara. Kabu hufundishwa alama za njia, na ile wanayoipenda kuliko zote ni duara yenye nukta katikati, yenye maana ya kwamba aliyeichora amekwenda nyumbani. Alama hiyo imechorwa hata juu ya kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ambaye alifariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa Nyeri, nchini Kenya. Mtoto mmoja wa kundi letu aliichora mchangani mbele ya mlango wa nyumba yao. Bibi yake alipoamka alfajiri akaikuta, akaifuta kwa fagio na maji, na mtoto akakatazwa kuja kwetu kwa muda wa wiki tatu, kwa hofu ya uchawi. Tulicheka sana bwenini. Lakini je, nani alikwenda kumweleza bibi yule? Hakuna aliyekwenda.

Sasa habari ya sare. Nimesoma katika maktaba yetu habari za kambi ya kwanza ya skauti, iliyofanywa katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza mwezi wa Agosti 1907. Walikuwako wavulana 20 hivi, wengine watoto wa wenye mali, wengine watoto wa watu wa kawaida. Ada yao haikuwa moja. Waliotoka katika shule za matajiri walilipa pauni 1, yaani shilingi 20 za Kiingereza za siku zile, na wengine wakalipa shilingi 3 na peni 6 tu. Kisha wakachanganywa wote katika vikosi vile vile. Wala hawakuwa na mashati ya sare. Walivaa skafu ya kaki na beji ya shaba, basi. Ikiwa mwanzilishi mwenyewe aliona kwamba skafu yatosha, mimi ni nani hata nimdai mama muuza maandazi soksi ndefu siku ya kwanza?

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba mtoto mgeni aje Jumamosi tatu kwa nguo zake za nyumbani, na kundi limwazime skafu. Zikipita hizo tatu, mzazi wake atakuwa ameona kama mtoto apenda au hapendi, na sisi tutakuwa tumeona kama twaweza kumlea. Hapo ndipo yazungumzwe mambo ya shati. Kofia hata mwakani. Najua wako wenzangu watakaosema kwamba kundi litaonekana kama genge la wacheza mpira siku ya gwaride. Na lionekane hivyo.

Jambo zito zaidi ni lile swali ambalo kila mzazi huliuliza na sisi hulijibu vibaya: skauti itamfundisha nini mwanangu? Baba mmoja aliponiuliza nilimjibu, "Kwata na mafundo ya kamba." Akasema, "Kwata ataijua akienda jeshini, na kamba hufunga hata mbuzi," akaondoka na mtoto wake. Alikuwa na haki. Nilimpa jibu la kitoto.

Ningalimjibu nini? Wakazi wa hapa wanaikumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka hapa Msamvu, watu wakakusanyika, wengi wao vijana, wakichota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, na moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 100, na nchi nzima ikaomboleza siku tatu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo huko kwetu Matombo, nakumbuka mjomba aliongeza sauti ya redio na watu wazima wakanyamaza. Sisemi kwamba skauti wangaliuzuia moto ule. Kusema hivyo ni kuwakosea heshima waliofiwa. Nasema tu kwamba malori ya mafuta yangali yakipita barabara hii mchana na usiku kwenda Dodoma na Iringa, na katika kundi letu mtoto wa miaka minane hufundishwa kwamba akiona mafuta yamwagika akimbie mbali, asirudi kutazama, awavute wenzake, na amwite mtu mzima. Hufundishwa kwamba mtu aliyeungua hutiwa maji safi ya baridi kwa muda mrefu, wala hapakwi dawa ya meno. Hiyo ndiyo maana ya neno letu la Uwe Tayari. Mzazi wa Msamvu akiambiwa hayo kwanza, nadhani hatauliza tena habari ya kwata.

Tena yatupasa kujua ni nani hasa tunayezungumza naye. Sisi Waluguru twahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno lake katika malezi. Mara nyingi mama husema, "Nitafikiri," nasi twadhani amekataa, kumbe anataka kwenda kumwuliza kaka yake. Barua yetu ya wito yasema "Mzazi au Mlezi", na mjomba hajioni humo. Kuongeza neno moja katika barua hakuna gharama.

Nanyi wazazi mnaosoma gazeti hili, msione haya kuuliza. Ulizeni majina ya viongozi. Ulizeni kama watu wazima ni wawili au zaidi kila mara watoto wanapokuwapo, kwa maana Shirika la Skauti Duniani lina kanuni za kuwalinda watoto, na kiongozi mwema hatakasirika akiulizwa. Kabla ya kambi ulizeni watoto watalala wapi, nani atalala karibu nao, maji yatoka wapi. Na ulizeni nani huwavusha barabara kuu. Kundi letu lilikaa miezi mingi bila mpango wa jambo hilo, kila mtoto akivuka kwa bahati yake. Mpango wa sasa, wa skauti wakubwa wawili kusimama kila upande saa tatu na saa tano, ulitokana na mama mmoja aliyeuliza kwa ukali mbele ya watu wote.

Wala msidhani mnatakiwa kuja kutazama tu. Baba mmoja ni dereva wa lori. Jumamosi moja alilileta lori lake tupu uwanjani, akaliegesha na kulizima, akawapandisha watoto mmoja mmoja wakae mahali pa dereva, na wengine akawasimamisha chini karibu kabisa na bampa ya mbele. Akamwuliza aliyekaa juu, "Wenzako wako wapi?" Mtoto akatazama huku na huku akasema, "Wamekwenda nyumbani." Watoto tisa walikuwa wamesimama pale pale chini yake. Tangu siku hiyo hakuna kabu wetu anayepita mbele ya lori lililosimama, na mimi pia sipiti.

Muhula huu nilikwenda tena kwa mama muuza maandazi pamoja na mwalimu wetu, tukamweleza upya. Alisikiliza, akasema atamwuliza kaka yake. Jumamosi iliyofuata mjomba mtu alikuja na mtoto. Safari hii kiti kilikuwako, chini ya mwarobaini, akaketi tangu mwanzo hata mwisho bila kusema neno, huku mtoto akikimbia na skafu ya kuazima. Tulipomaliza aliuliza maswali mengi, nami niliyajibu yote isipokuwa moja. Alisema, "Kijana, wewe na wenzako mwafanya mtihani wa Kidato cha Nne mwezi wa Novemba, kisha mwaondoka. Je, hawa mtamwachia nani?"

Mwalimu aliliandika swali hilo ubaoni, mahali pale pale palipokuwa na orodha yangu ya sare. Mpaka leo hakuna mwanafunzi wa Kidato cha Pili wala cha Tatu aliyekuja kuandika jina lake chini yake. Ubao uko katika darasa la mwisho, karibu na bomba la maji, na chaki ipo.