Chupa ya Protini ama Ndengu za Ocha? Piga Hesabu Kwanza

Msee wa Matiliku, tuongee. Umetoka kuchapa chuma, unataka kifua kitokee, na huko TikTok kila mtu ameshika ile chupa ya protini ya kufungua na kunywa. Kabla utoe doh, geuza hiyo chupa usome nyuma.

Chupa nyingi zina gramu 20 hadi 30 za protini, na kawaida inatoka kwa maziwa. Hapo poa. Lakini cheki kama hiyo namba ni ya chupa nzima ama ya mililita 100, na sukari ni ngapi.

Sasa ingia stoo ya mathe. Kilo moja ya ndengu kavu ina karibu gramu 240 za protini. Hizo ni kama chupa kumi! Na ndio hizo tunauzia mabroka bei ya kutupa, halafu pesa hiyo hiyo inaenda kwa chupa.

Ukweli usemwe: mwili unatumia protini ya maziwa vizuri kushinda ya ndengu pekee. Kwa hivyo changanya. Ndengu na muthokoi zinajazana. Ongeza mayai mawili, gramu 12, ama nusu lita ya maziwa, kama gramu 16.

Mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 48 kwa siku. Ukichapa chuma, lenga 72 hadi 100.

Ukiwa safarini, chupa itakusaidia. Lakini mavuno yakifika, kabla broka apige hodi, weka debe moja kando.