Maoni: Divai ya Bordeaux inangoja miaka, pombe ya Ubundu haingoji kesho

Kwenye karamu za Kisangani, chupa ya divai nyekundu ya Ufaransa inawekwa mbele ya wakubwa, na pombe ya ngazi inabaki nyuma ya nyumba. Ni kosa.

Divai nzuri ya Bordeaux inalazwa miaka 10, hata 20, ndani ya chumba chenye baridi ya digri 12 ao 14. Tanini, ile inayokausha ulimi, inalainika polepole. Munywaji anatazama rangi, ananusa, kisha anaonja kidogo. Lakini chupa hiyo ikikaa miezi mingi kwenye joto la Tshopo, inaharibika. Aliyeinunua analipia jina tu.

Pombe ya ngazi ya Ubundu nayo inaomba ulimi unaojua. Asubuhi ni tamu, mangaribi imekuwa kali, kesho yake imechachuka. Mugema hana stoo ya kuilaza. Ana saa chache tu.

Ndiyo maana shida yake ya kwanza ni njia. Reli ya Ubundu mpaka Kisangani, kilometa 125, ilifunguliwa mwaka 1906 ili mizigo izunguke maporomoko ya Boyoma. Leo treni haipiti kila siku. Pombe isiyopata treni inanywewa kijijini kwa bei ya chini, ao inamwagwa.

Serkali itengeneze reli hiyo, treni itoke alfajiri na kufika mujini mapema. Na wakaaji wa Kisangani waonje kazi ya mugema kwa heshima ile ile wanayoipa chupa ya mugeni.