Kosa Si la Karata



Katika shule yetu karata ni marufuku. Mwanafunzi akionekana na jozi ya karata bwenini, jozi hutiwa motoni na mwenyewe hupewa kazi ya kufyeka majani. Sina nia ya kuwalaumu viranja, maana wao hutimiza amri. Naomba tu niulize: je, tunachokizuia ni karata, au ni kamari?

Swali hili lilinijia niliposoma habari za nchi ya Thailand. Huko mjini Bangkok kuna kiwanda cha karata, na mwenye kiwanda si tajiri fulani, bali ni serikali yenyewe. Kiwanda hicho ki chini ya Idara ya Ushuru wa Bidhaa katika Wizara ya Fedha. Hutengeneza karata za kizungu kama tuzijuazo sisi, na pia karata za kienyeji za Kithai na za Kichina.

Karata hizo za kienyeji ni nyembamba. Sisi husema kopa, uru, pau na shupaza. Karata za Kithai, ambazo asili yake ni Uchina, zina mafungu matatu ya fedha: sarafu, mitungo ya sarafu, na makumi ya maelfu. Kila fungu lina moja mpaka tisa, kisha huongezwa tatu za pekee, jumla aina 30. Kila aina huwa nne, basi jozi nzima ni karata 120. Zile za Kichina zina rangi nne, yaani manjano, nyekundu, kijani na nyeupe, na majina saba ya sataranji ya Kichina, kama jemadari, tembo, farasi na mzinga. Kila moja huwa nne katika kila rangi, jumla karata 112.

Na nchi hiyo hiyo ina sheria kali ya kamari tangu mwaka 1935. Nilipoyasoma hayo nilicheka, nikasema, hawa wanapiga chapa karata kwa mkono wa kulia na kumkamata mchezaji kwa mkono wa kushoto! Lakini baada ya kufikiri niliona kuwa si upumbavu. Serikali imekubali kwamba watu watacheza. Ikitengeneza karata yenyewe, hupata ushuru na hujua ni ngapi zimetoka. Tena kuuza karata si sawa na kuuza nafasi ya kucheza kamari. Zamani, nchi ilipoitwa Siam, serikali ilikuwa ikiuza haki ya kuendesha nyumba za kamari, na hazina ilishiba kwa hasara ya raia. Nyumba hizo zilipunguzwa kidogo kidogo, hata mwaka 1917 zikafungwa zote.

Kosa nalionea mahali pengine. Sheria iliyokuwa ikitumika mwaka 2016 ilimkataza mtu kuwa na karata zaidi ya 120 bila ruhusa. Mwezi wa Februari mwaka huo, katika mji wa Pattaya, polisi na askari waliwakamata wageni 32, wengi wao wazee, waliokuwa wakicheza mchezo wa bridge. Mmoja wao alikuwa bibi Mholanzi wa miaka 84. Fedha haikuonekana mezani, lakini karata zilikuwa nyingi mno. Wakaachiwa kwa dhamana ya baht 5,000 kila mtu. Na tupige hesabu: meza moja ya bridge hutumia karata 52, kwa hiyo meza tatu tu ni 156, nao tayari wamevunja sheria. Lakini watu wanne wenye jozi moja wangeweza kupoteza shamba zima, na hesabu ya karata isingewashitaki!

Msidhani nawacheka Wathai. Muhula uliopita kijana aliyelala kitanda cha pili yangu alipoteza nauli yake yote ya kurudi kwao. Alikopa kwa wenzake, na mpaka leo bado anadaiwa. Alipoteza kwa mchezo gani? Kwa kurusha sarafu nyuma ya bafu. Bwenini hapakuwa na karata hata moja, maana zote zilikwisha kuchomwa. Tulikuwa tumeichoma karatasi, tukaiacha kamari.

Kwa hiyo naleta ombi kwa Mwalimu Mkuu na walimu wetu. Karata ziruhusiwe siku ya Jumamosi jioni, katika ukumbi, mbele ya mwalimu wa zamu. Jozi zote ziwe mali ya shule, zihesabiwe zitokapo na zirudipo. Na mtu awekaye fedha, sabuni au sukari mezani, au arushaye sarafu nyuma ya bafu, apewe adhabu kali kuliko ya sasa, kwa sababu huyo ndiye mcheza kamari hasa.

Huenda mtu atasema kwamba mchezo huanza kwa mzaha ukaisha kwa fedha. Ni kweli, hutokea. Lakini hutokea zaidi gizani kuliko ukumbini penye taa na mwalimu.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye fikira nyingine na aziandike katika toleo lijalo, nami nitazisoma kwa furaha.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne