Idara ni Mimi

Mtu wa Eastlands anajua kuhama. Unapakia godoro kwa mkokoteni, unatoka Jericho unaingia Umoja, na anayekutafuta anaenda kubisha kwa mlango wa zamani. Sasa hebu tazama vile serikali imetuhamisha sisi vijana.

Mwisho wa 2005 tulipewa wizara yetu. 2013 tukafungishwa virago, tukasongeshwa ndani ya Wizara ya Ugatuzi na Mipango. 2015 tukaenda kuishi na utumishi wa umma na jinsia. 2020 tukaamkia kwa watu wa teknolojia na mawasiliano. 2022 tukapangishwa na michezo na sanaa. 2024 kibao kikapakwa rangi tena, kikaongezwa uchumi wa ubunifu. Keja sita, na mtoto aliyezaliwa 2005 alikuwa bado hajafikisha miaka 20. Hata landilodi wa Kayole hukupea notisi.

Wataniambia hayo ni majina tu, kazi inaendelea. Sawa. Njoo basi kwetu uone vile kazi inaendelea.

Ni chumba kimoja. Shosho amepita miaka 70, kwa hivyo yeye ni wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, chini ya wizara ya kazi na ulinzi wa jamii. Mtoto wa dada yangu anahitaji mahali pa kulelewa mchana, na Jedwali la Nne la Katiba linasema hiyo ni kazi ya kaunti. Mathe ana chama chake: mifuko ya mikopo ni mingi, wa vijana ulianza 2006, wa wanawake 2007, Uwezo 2013, Hustler 2022, na kila mmoja una masharti yake. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, mimi ni "kijana". Tunakula sufuria moja, lakini serikalini sisi ni mafaili manne ambayo hayasalimiani.

Mwaka jana nilipata nafasi ya mafunzo ya siku tano. Siku ya pili shosho akaitwa kuhakiki kitambulisho, na hawezi kupanda matatu peke yake. Nikampeleka. Tukaambiwa turudi kesho. Kesho yake tukarudi. Niliporudi kwa mafunzo, jina langu lilikuwa limekatwa: mtoro. Ofisi moja ilihesabu mzee amehudumiwa, nyingine ikahesabu kijana mzembe. Hakuna iliyojua kwamba hao wawili walikuwa wameshikana mkono kwa foleni.

Hapo ndipo nilielewa. Idara inayounganisha hizi idara zote iko, na haina mshahara wala ofisi. Ni mimi. Ni dada yako. Ni yule msichana wa ploti anayejaza fomu za kila mtu.

Sisemi zamani ilikuwa peponi. Mkoloni alijenga Kaloleni kwa hesabu zake. Lakini City Council ilikuwa na idara moja ya huduma za jamii na nyumba, na ukumbi wa jamii ulikuwa katikati ya mtaa, unafika kwa miguu.

Kwa hivyo msituambie haiwezekani. Kifungu cha 6 cha Katiba kinataka huduma za serikali kuu zifikike kila pembe ya nchi. Kifungu cha 189 kinataka ngazi mbili zishirikiane, na kinaziruhusu kuunda kamati za pamoja. Wekeni meza moja kwa kila wadi, mtu wa kaunti na mtu wa serikali kuu wakae bega kwa bega, na faili iwe ya nyumba nzima, siyo ya umri wa mtu.

Mawaziri wagawane vibao wanavyotaka. Sisi tunataka mlango mmoja, na shosho aweze kuufikia kwa miguu yake.